Upande wa Pili wa Kanda

Tuliirekodi Tabora, nyuma ya karakana ya reli,
kuta tumezivika magunia ya tumbaku
ili sauti isitoroke.
Magunia yenyewe yalikuwa hayajaisahau Urambo:
kila nikivuta pumzi ya ubeti kifua kinawasha,
na Nkwabi, kiongozi wetu, ananiambia,
"Kohoa sasa, halafu usikohoe tena
mpaka mwaka elfu mbili na ishirini."

Ndilo lilikuwa jina la albamu.
Nyimbo saba, kinanda kimoja cha umeme
kilichokuja kwa treni ya Kigoma kimefungwa kitenge,
kinalia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo.
Sisi watu wa asali tukakielewa.

Tukaimba magari yatapaa juu ya Isevya,
vumbi tuwaachie mbuzi.
Tukaimba mashine itakayotwanga, itakayopepeta,
itakayomwambia bwana wa nyumba: leo pika wewe.
Tukaimba barua itakayofika
kabla mate hayajakauka kwenye stempu.
Mihambo, mpiga besi, akataka wimbo wa daktari wa chuma
asiyeomba kitu kidogo.
Tukacheka. Tukauweka upande wa pili, mwisho kabisa,
pale ambapo kanda inakaribia kuisha
na msikilizaji ameshaanza kusinzia.

Habari za Mihambo mwenyewe hatukuziimba.
Nani angejua? Miaka minne tu baadaye,
Kitete, kitanda cha dirishani,
anapiga besi kwa vidole juu ya shuka.
Daktari alikuwa wa nyama na damu, na hakuomba kitu.
Dawa ndiyo iliyokuwa bado iko kesho.

Kanda mia mbili. Zikauzwa arobaini.
Zilizobaki watoto wa mtaa walizitoa utumbo
wakafanyia mikia ya tiara,
na hivyo ndivyo tulivyopaa juu ya Isevya.

Sasa mjukuu wangu Swedi amekuja na kompyuta.
"Bibi, kuna programu inachambua wimbo
kama unavyochambua mchele.
Ngoma peke yake. Kinanda peke yake. Wewe peke yako."
Akabonyeza.

Nikajisikia nina miaka ishirini na mbili,
sina kinanda, sina besi,
sauti yangu iko uchi katikati ya sebule
na michembe inachemka jikoni.
Kumbe kwenye neno "kesho" nilikuwa nashuka kidogo.
Hakuna aliyeniambia.

Kisha, baina ya ubeti wa pili na wa tatu,
pale palipofunikwa na kinanda miaka yote hii,
mtu ananong'ona:
"Kalunde, sogea. Unanikanyaga waya."

Tuliambiana mengi mimi na Mihambo.
Mengine siyaandiki, Swedi anajua kusoma.
Yote yamekwenda na upepo wa reli,
limebaki hili la waya.

"Rudisha," nikasema. Akarudisha.
"Rudisha." Mara sita.
Mara ya saba nikasogea kweli, pale kwenye kochi,
na mtoto akanitazama.

Halafu akasema, kwa upole wa mtu anayetoa zawadi:
"Tukipata sauti yake ya dakika moja tu,
mashine inaweza kumwimbisha. Wimbo mpya. Chochote utakacho."

Dakika moja. Nikahesabu: nina maneno manne.
Nikajaribu kufikiria ningemwandikia aseme nini,
na kila neno nililolishika
lilikuwa na kikohozi changu ndani yake.

Sikumjibu. Mita ndiyo iliyojibu: ti, ti, ti,
umeme umebaki wa robo saa,
jambo ambalo katika nyimbo zote saba
hatukulitabiri hata kwa mzaha.
Nikanunua wa elfu mbili kwa simu.
Swedi akasimama ukutani, kidole tayari,
nami nikamsomea tarakimu zote ishirini,
moja moja, polepole,
kama Nkwabi alivyokuwa akituhesabia
kabla hatujaingia.